Friji ya Gari-Nyumba na Safari ya Mama hadi Loiyangalani

Leo naweka kando mambo ya hifadhidata na tovuti, naomba niongee kuhusu gari. Usikimbie lakini! Ndani ya gari lenyewe mna betri, vihisi, programu ndogo niliyoiandika kwa Python, na hitilafu moja iliyonitoa jasho kuliko hitilafu yoyote niliyowahi kuitafuta ofisini.

Nazungumzia gari lenye kitanda, jiko, friji, maji na choo ndani yake. Kiswahili bado hakijakubaliana juu ya jina lake. Nimesikia nyumba ya magurudumu, nimesikia gari la kulala, na jirani yangu huliita "matatu ya kulala". Mimi nitasema gari-nyumba. Hapa kwetu ukiliona barabarani mara nyingi lina namba za Ujerumani au Uholanzi, na ramani ya Afrika imechorwa ubavuni. Watu hudhani ni starehe ya wastaafu wa Ulaya. Mimi nilikuwa na sababu nyingine, na sababu yenyewe ni mama yangu.

Mama ana miaka 74, mwalimu mstaafu. Alipomaliza chuo cha ualimu miaka ya sabini, kituo chake cha kwanza kilikuwa Loiyangalani, ufuoni mwa Ziwa Turkana. Alikaa kule miaka mitatu, akahamishwa, akaolewa, akatuzaa, na hakurudi tena. Tangu tukiwa wadogo alikuwa akitusimulia upepo wa kule, jinsi ulivyokuwa ukinyakua daftari mikononi mwa watoto. Ukimuuliza angependa kwenda wapi kabla macho hayajaisha nguvu, jibu lilikuwa moja tu.

Ila Mama ana kisukari, na kwa miaka kadhaa sasa anadunga insulini asubuhi na jioni. Daktari hakumkataza kusafiri. Vitu viwili ndivyo vilivyomfunga: friji na choo. Sukari ikipanda mtu hukojoa mara kwa mara, na mwanamke wa rika lake hawezi kumwambia dereva wa basi asimame kila baada ya kilomita arobaini. Mama ni mtu wa heshima zake. Badala ya kuomba basi lisimame alikuwa akiacha kunywa maji tangu usiku wa kuamkia safari, jambo ambalo kwa mgonjwa wa kisukari ni hatari kabisa. Baadaye akaacha kusafiri. Kaka yake alipozikwa Busia, Mama alibaki nyumbani akisikiliza mahubiri kwenye simu.

Basi ukiniuliza kwa nini mtu anayeishi kwa mshahara wa kuandika programu anunue gari la kulala, jibu ndilo hilo.

Ungedhani njia rahisi ni kuagiza gari-nyumba kuukuu kutoka Ulaya. Haiwezekani. Mengi ya kule yana usukani wa kushoto, na Kenya haisajili gari kama hilo kwa matumizi ya kawaida. Isitoshe, gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliruhusiwi kuingizwa. Wale watalii unaowaona wanapita tu kwa vibali vya muda. Japani wapo wanaotengeneza magari-nyumba yenye usukani wa kulia, lakini bei zake zilinifanya nifunge ukurasa haraka :-)

Nilichonunua ni Toyota HiAce ya dizeli, bodi ndefu, paa la juu, yenye kuvuta magurudumu yote manne. Ndiyo, ni ndugu yake yule yule anayebeba abiria 14 kwenda Rongai. Hapo ndipo palipo na uzuri wake. Gari zuri kwa safari ya mbali ni lile ambalo fundi wa kituo chochote amewahi kulilalia chini. Breki zake, springi zake, chujio la dizeli, vyote vinapatikana hata mahali ambapo mkate haupatikani. Kulijenga ndani nilimwachia fundi seremala na fundi wa kuchomelea, wote wa jua kali, nikakaa nao kila Jumamosi kwa miezi mitano. Ukibadilisha viti na umbo la gari hivyo, usisahau kupitia NTSA: gari likaguliwe na kitabu chake kibadilishwe. La sivyo utajieleza kwenye kila kizuizi cha polisi, na siku ya ajali bima itakuuliza maswali mabaya zaidi.

Ndani mna vitanda viwili vyembamba, cha Mama na cha dada yangu. Mimi nina hema. Mwanamume mzima halali chumba kimoja na mama yake, hata kama chumba chenyewe kina magurudumu, na sikuona haja ya kujadiliana na mila kwa ajili ya godoro.

Sasa tuingie kwenye uhandisi. Kitu ambacho watu hawakiwazi ni uzito. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo tangi langu la lita 80 likijaa ni sawa na kumbeba mtu mzima wa ziada. Kila kabati la mbao zito linakula nafasi ya mtu, ya maji, au ya gurudumu la akiba la pili. Kabla ya kuondoka nililipeleka gari kwenye mizani likiwa limejaa kila kitu, hata Mama mwenyewe akiwa ndani (hakufurahi kupimwa pamoja na mizigo). Uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa umeandikwa kwenye kibati cha gari, na ule wa tairi umeandikwa ubavuni mwa tairi. Hapo hapo ubavuni, mwisho wa maandishi yanayoanza na DOT, tafuta tarakimu nne. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 1923 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 19 ya mwaka 2023. Gari-nyumba husimama sana kuliko linavyokwenda, hivyo tairi zake huzeeka kabla hazijaisha. Kashata zinaweza kuonekana mpya kabisa na mpira ukawa umeshaanza kupasuka.

Stima ndiyo sehemu niliyoipenda zaidi. Nina betri ya lithiamu ya volti 12.8 na ampea-saa 200. Zidisha, utapata wati-saa 2,560. Kupata kiasi hicho kutoka betri za asidi ningelazimika kununua karibu maradufu, kwa sababu betri ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua mapema, na uzito ungezidi kilo mia moja. Ya lithiamu ni kama kilo 25. Juu ya paa nina paneli mbili za sola za wati 200 kila moja, zimeinuliwa sentimita chache kutoka kwenye bati ili hewa ipite chini yake. Pengo hilo lina kazi mbili. Linaweka paa kivulini, na linapoza paneli, maana paneli hupoteza karibu asilimia 0.4 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja inayozidi 25. Kule kaskazini paneli hufikia nyuzi 65 bila shida, kwa hiyo asilimia 16 imekwenda na joto. Jua kali si lazima liwe stima nyingi!

Hii hapa hesabu ya siku moja ya joto. Friji yangu ni ya kompresa, ya volti 12, inavuta kama wati 45 inapofanya kazi. Nairobi hufanya kazi theluthi moja tu ya saa, lakini kwenye joto la Turkana inakaribia thuluthi mbili, kwa hiyo wati-saa 700 kwa siku. Laptopu saa tano, 250. Kisahani kidogo cha Starlink, huduma iliyofika Kenya 2023, saa tano pia, 150. Feni ya paa 250. Taa, pampu ya maji, simu na kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, tuseme 100. Jumla 1,450. Paneli zangu zikipata saa tano na nusu za jua la maana, ukiondoa hasara ya joto na vumbi, zinaleta kama 1,500. Unaona jinsi nafasi ilivyo nyembamba. Siku ya mawingu nakula akiba, na siku ya mwendo chaja inayotoa stima kwenye altaneta ya injini huniongezea karibu wati-saa 400 kila saa. Hiyo chaja iweke, usiunganishe betri ya lithiamu moja kwa moja na altaneta. Lithiamu hupokea stima bila kubisha, itavuta na kuvuta mpaka altaneta iungue.

Jambo jingine la lithiamu: usiulize volti zake ikiwa unataka kujua imebaki ngapi. Kuanzia karibu kujaa hadi karibu kuisha inakaa palepale volti 13 na kitu. Ni kama mtu anayejibu "mzima" kila ukimwamkia, mpaka siku anayoanguka. Ndiyo maana nina shanti, kipande cha chuma kwenye waya wa hasi chenye ukinzani mdogo unaojulikana. Mkondo wote hupita pale, kifaa kinapima tofauti ndogo ya volti, na kwa hiyo kinahesabu ampea zinazoingia na zinazotoka. Raspberry Pi inasoma hesabu hiyo kila dakika. Betri ikishuka chini ya asilimia 40 programu inakata Starlink na soketi ya laptopu. Ikishuka chini ya 25 inakata feni. Friji haikatwi kamwe. Huo ndio mgao wa stima wa kwanza maishani mwangu nilioukubali.

Sasa insulini. Kalamu isiyofunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji, kwa kawaida chini ya nyuzi 30, kama wiki nne, ila soma karatasi ya dawa yako kwa sababu aina hutofautiana. Kalamu moja ya Mama ina yuniti 300 naye hutumia 44 kwa siku, hivyo haimfikishi wiki nzima. Kwa safari ya siku 12, ukiweka za akiba, tulibeba kalamu tano. Kule tulikokuwa tunakwenda sikutaka kutegemea kupata ya sita.

Watu huogopa joto tu. Baridi ni mbaya zaidi: insulini ikiganda imeharibika, na kuyeyuka hakuirudishi. Friji ndogo za gari zina tabia ya kugandisha kila kitu kilicho karibu na lile bamba la baridi. Kwa hiyo kalamu zilikaa mbali na bamba, ndani ya kopo la plastiki, na pembeni yake nikaweka chupa ndogo ya maji yenye kihisi cha DS18B20 ndani yake. Mbona maji? Kwa sababu ukipima hewa ya friji, kila dada yangu akifungua kutoa maziwa joto linaruka, kengele inalia, na baada ya siku mbili hakuna anayeijali tena. Dawa iliyo ndani ya kalamu haipati joto kwa kasi hiyo. Chupa ya maji inaiga dawa. Kihisi hicho kinaweza kukosea kwa nusu nyuzi, nami nikaweka kengele ilie kwenye 3 na kwenye 7 badala ya 2 na 8.

Nilimweleza Mama yote haya kwa fahari. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akisikiliza mwanafunzi anayesoma insha, kisha akasema, "Sawa baba. Na mimi nimebeba mtungi."

Mtungi wenyewe ulikuwa mdogo wa udongo, wa kupitisha maji, na mwingine mdogo zaidi ndani yake. Katikati unaweka mchanga na kuulowesha. Nilicheka kidogo, halafu nikaenda kusoma. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke huondoka na joto la takriban kilojuli 2,400, yaani karibu wati-saa 670. Mtungi hautafika nyuzi 5 hata ukiuombea, lakini kwenye hewa kavu na yenye upepo unaweza kushusha joto kwa nyuzi kumi na zaidi. Mombasa, penye unyevu, ungesaidia kidogo tu. Loiyangalani, ambako ni kukavu na upepo haulali, ndiko kwao. Tena mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva na shirika la Médecins Sans Frontières walichapisha utafiti uliotumia vipimo vya joto la nyumba za kambi ya Dagahaley, hapa hapa Kenya. Walikuta kwamba aina kadhaa za insulini zilibaki na nguvu zake kwa wiki nne joto likipanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37. Si ruhusa ya kuiacha dawa kwenye dashibodi, ambako joto hupita 50 saa sita mchana. Lakini mtungi haukuwa kichekesho tena. Nilitoa kihisi cha pili nikakitia ndani yake.

Tulitoka Nairobi alfajiri ya Jumanne. Nanyuki chai, Isiolo tukalala. Kutoka Isiolo kwenda juu Mama hakuamini barabara. Enzi zake ilikuwa changarawe na mashimo, magari yakienda kwa msafara na polisi, na sasa ni lami hadi Moyale. Sehemu ya kwanza tu, Isiolo hadi mto Merille, ni kilomita 136, nasi tuliimaliza kabla uji wa chupa haujapoa. Gari lilisimama kila Mama alipotaka. Hakuna aliyeuliza, hakuna aliyehesabu. Dada yangu aliniambia baadaye kwamba siku hiyo Mama alimaliza lita mbili za maji.

Laisamis tunaiacha lami na kushika kushoto. Barabara hii ya kwenda Sarima, kama kilomita 208, ilitengenezwa upya ili kupitisha vifaa vya mradi wa stima ya upepo. Ni changarawe pana, lakini ina mawimbi kama bati la nyumba, na gari linatetemeka mpaka meno. Vumbi nalo huingia kwa nyuma, kwa sababu gari linapokwenda huacha hewa nyepesi nyuma yake na kila upenyo wa mlango hunyonya. Dawa yake ni kufungua kidogo tundu la paa linaloangalia mbele, lenye kitambaa cha kuchuja, ili hewa ya ndani isukume kwenda nje.

Tulikuwa tumeipita Ilaut, saa saba mchana na dakika kumi, kengele ikalia. Nilisimama nikafungua rekodi:

11:40 – 4.8
12:10 – 5.0
12:40 – 5.9
13:10 – 7.0

Nje kulikuwa nyuzi 38. Hakuna mti wa maana, hakuna mtandao wa simu. Shanti inasema betri ina asilimia 91 na volti 13.2. Taa ndogo ya kompresa nayo inawaka mara moja, inatulia, inawaka mara moja tena. Kwenye kitabu chake mwako mmoja maana yake ni volti ziko chini, betri inalindwa. Betri imejaa na friji inalia njaa! Nani mwongo?

Hakuna aliyekuwa mwongo. Nilichukua mita nikapima kwenye plagi ya friji yenyewe. Ikiwa imetulia, volti 13.1. Kompresa inapojaribu kuwaka, zinaanguka hadi chini ya 10, kompresa inakata, volti zinarudi 13.1. Kompresa za aina hii hujizima zikishuka chini ya 10.4. Maana yake njiani kulikuwa na ukinzani. Kompresa inapoanza huvuta ampea nyingi kwa mpigo, na tuseme zikiwa nane, kiungo kibovu chenye omu 0.4 kinakula volti 3.2 peke yake. Ukipima bila mzigo huoni chochote. Mita yako itakuapia kwamba kila kitu ni kizima.

Nikaanza kufuata waya kwa vidole, kutoka plagi kurudi kwenye betri. Kishikio cha fyuzi nyuma ya kabati kilikuwa cha moto, na plastiki yake imegeuka kahawia. Vile visahani viwili vinavyobana miguu ya fyuzi vilikuwa vimepanuka kwa kutetemeka kilomita baada ya kilomita. Fyuzi haikuwa imeungua. Ilikuwa inagusa tu, kama mtu anayekupa mkono bila kukushika.

Wakati mimi nimelala kifudifudi na tochi mdomoni, dada yangu amenitandazia kanga dirishani kukinga jua, Mama hakuuliza friji ina nini. Alimimina maji kwenye mchanga wa mtungi, akauweka upande wa gari wenye kivuli na upepo, akatoa kalamu mbili kwenye friji na kuifunga haraka. Tatu akaziacha ndani. Nikamuuliza kwa nini asitoe zote. "Hujui kipi kitafaulu," akasema. "Nusu huku, nusu kule. Na hizi mbili ndizo nitakazoanza kuzitumia." Nimekaa kwenye mikutano mingi ya kupanga seva za akiba na sikumbuki aliyewahi kuieleza kwa maneno machache hivyo.

Nilikata kishikio kile, nikabana kingine cha akiba kwa koleo la kubania, si kwa kusokota waya na utepe. Dakika 40. Kompresa ikawaka, ikaendelea kuwaka. Chupa ya maji ilikuwa imefika 8.1. Mtungi ulisoma 26, na hewa ya kivulini 37. Saa kumi na mbili jioni, tukiwa South Horr chini ya miti mikubwa, friji ilikuwa imerudi 5. Mama alidunga dozi yake ya jioni, akala ugali wa wimbi na mboga, akalala kabla ya saa tatu. Mimi sikulala mapema. Nilikaa nje ya hema nikitazama namba hizo zikijiandika moja baada ya nyingine, na mikono ilianza kutetemeka saa hiyo, kazi ikiwa imeshaisha.

Siku ya pili, Sarima. Mitambo 365 ya upepo, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310, imesimama kwenye mawe meusi kana kwamba imeota pale. Stima yake huenda Suswa kwa nyaya za kilovolti 400, zaidi ya kilomita 400, na imekuwa ikiingia kwenye gridi ya taifa tangu 2018. Nilitaka kumweleza Mama haya yote lakini alikuwa amefungua dirisha, leso imemtoka kichwani. "Ni ule ule," akasema. Alimaanisha upepo.

Loiyangalani tulikaa siku nne. Ziwa ni kijani kibichi kweli, minazi-mwitu ipo pale kwenye chemchemi, na usiku upepo kutoka mlima Kulal ulitikisa gari mpaka nikahamishia hema upande wa pili wa magurudumu. Shule imekua, darasa lake halipo. Asubuhi ya pili alikuja mzee mmoja wa Kiturkana mwenye fimbo, akasimama mlangoni mwa gari akamtazama Mama kwa muda, kisha akaanza kukariri majedwali ya hesabu, ya saba, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la tatu. Alipofika saba mara nane Mama alimsahihisha. Alikuwa amekosea kwa makusudi. Walikaa chini ya kivuli cha gari hadi saa nane mchana na kazi yangu ilikuwa kuchemsha chai.

Tumerudi salama. Nimeondoa vishikio vyote vya fyuzi vya kubana na kuweka vya kukazwa kwa nati, na kila waya unaopita kwenye bati nimeufunga kila sentimita 20 ili usicheze. Nimeongeza kihisi cha volti kwenye plagi ya friji, mwisho wa waya, mahali ambapo friji yenyewe inaonja. Programu sasa inalinganisha volti za pale na za betri kompresa inapoanza, na tofauti ikizidi volti moja inanijulisha kabla joto halijapanda. Ni mistari kumi na miwili tu ya Python. Mrija wa gesi ya jiko nimebadilisha, na tundu la chini kwenye sanduku la gesi nimelizibua vumbi, kwa sababu gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hukaa sakafuni ikingoja kiberiti. Kaseti ya choo tulikuwa tukiimwaga kwenye vyoo vya shimo kwa ruhusa ya wenyeji, bila kemikali kali. Watu walikuwa wakarimu, ingawa ukiwaeleza unachoomba hucheka kwanza.

Mtungi umebaki garini. Umepata kamba yake kwenye kabati na kihisi chake kwenye programu, kinaitwa "mtungi". Jana Mama aliniuliza kama gari hili linaweza kufika Sibiloi, na kama kule kuna upepo.